Siku ya kuuza mahindi Lubumbashi

Saa kumi na nusu alfajiri

Anayesikia Kongo akafikiria msitu na joto, aje Lubumbashi mwezi wa sita apige mswaki kwa maji ya ndoo saa kumi na nusu. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200, na baridi ya kiangazi haina huruma. Umeme ulikatika jana jioni, haujarudi. Nawasha mbabula, jiko letu la makaa, nateleka maji ya chai, na wakati yanachemka nafungua simu.

Sitafuti habari za mvua, mvua ilishatuaga mwezi wa nne. Natafuta ujumbe wa kijana anayepakia malori Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita tisini hivi kutoka hapa. Yeye ndiye ofisi yangu ya takwimu. Leo ameandika: "Mahindi yanavuka, mama. Mengi."

Basi najua tayari mnunuzi ataniambia nini mchana.

Saa kumi na mbili

Nalima mahindi upande wa barabara ya Kasenga. Mimi na majirani kadhaa tuliamua kuuza kwa pamoja, na kwa kuwa najua kusoma mizani na sioni haya kubishana, daftari likaangukia mikononi mwangu. Leo tunapeleka mzigo mjini.

Njiani kuna vizuizi. Kimoja ni cha ushuru wa barabara, unalipa na unapewa risiti, sina neno. Vingine ni kamba na benchi tu. Tukienda na lori tupu wanatupungia mkono. Tukirudi limejaa, kila benchi litakuwa na jina la kodi yake. Dereva wetu, Papa Dereva tunavyomwita sote, hubeba noti ndogondogo kwenye soksi kwa kazi hiyo. Mimi huziandika kwenye daftari chini ya "barabara", maana mwisho wa mwaka nataka kujua ni magunia mangapi yameliwa kabla ya kufika sokoni.

Saa mbili

Vijana wanapukuchua kwa mashine tuliyokodi. Kelele na vumbi. Mwaka huu nimepata wachache na nimewalipa zaidi. Wenzao wako kwenye machimbo, wanachimba shaba na kobalti kwa koleo. Siwalaumu. Shimo linalipa jioni ileile, shamba linalipa baada ya miezi mitano, kama litalipa.

Kabla ya kushona magunia napima ukavu. Kifaa cha kupimia unyevu ni ghali, kwa hiyo natumia chumvi. Nachukua chupa kavu ya kioo, natia mahindi hadi theluthi, naongeza chumvi iliyokaushwa vizuri, nafunika na kutikisa kwa dakika moja au mbili. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi. Ikianguka yote chini, unaweza kufunga. Magunia ya Mama mmoja jirani yamegandisha chumvi. Amenuna, ananiita Yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, wewe unataka nirudi kuanika tena, na mnunuzi yuko leo?"

"Mama, mzigo wako ukiota ukungu ndani ya lori, sote tunarudishwa."

Ameyatandaza juani. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haionekani kwa jicho kila mara, na ikishaingia hakuna kusafisha kunakoiondoa. Hakuna bwana shamba aliyekuja kutufundisha hili msimu huu. Yupo mmoja kwa eneo kubwa kuliko anavyoweza kulizunguka, hana pikipiki, na nauli anajilipia. Hili la chupa nilifundishwa na padre.

Saa nne

Nimeketi kivulini na daftari. Huku kwetu ardhi nyekundu ni nzuri machoni tu, imechoka na ina tindikali. Ukipanda bila mbolea unavuna tani moja kwa hekta ukibahatika. Mimi natia mifuko sita ya NPK na minne ya urea kwa hekta, ya kilo hamsini. Mbolea hiyo inashuka bandarini Dar es Salaam, Beira au Durban, inapita Zambia, inapita mpaka, na kila inapopita inaongezeka bei. Sheria yetu ya kilimo ya Desemba 2011 inasema pembejeo za kilimo ziingie bila ushuru wa forodha. Sheria nzuri, nimeisoma. Mfanyabiashara anayeniuzia mfuko anacheka nikiitaja, halafu ananionyesha rundo la karatasi alizolipia.

Kwa bei ya leo, mfuko mmoja wa urea unameza zaidi ya magunia matatu ya mahindi. Zidisha mwenyewe.

Na wakati wake! Huku mbegu inataka kuingia ardhini kuanzia katikati ya Novemba, mvua zikishakaa. Mbolea ya msaada, miaka inapokuja, inafika Desemba mwishoni au Januari, na sherehe na picha. Mahindi hayasubiri picha.

Saa tano

Nimekwenda kumsalimu shefu wa kijiji. Huwezi kupitisha lori kijijini kwake bila kupita kwake.

"Mfumu, tunaondoka na mzigo."

"Mungu awatangulie. Lakini wale watu wa vigingi walirudi."

Watu wa vigingi ni wale wanaokuja na GPS wanapima, na baada ya miezi unaambiwa mahali pale pana kibali cha utafiti wa madini. Shamba langu nilipewa na shefu huyu, kwa mashahidi, na nina karatasi yenye muhuri wake. Lakini sheria ya ardhi ya 1973 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Kuhusu mashamba ya kimila ikaahidi kwamba haki zake zitapangwa kwa amri ya rais, na watu wakazeeka wakiisubiri amri hiyo. Sheria ya madini, iliyorekebishwa 2018, inamlazimu mwenye kibali kumfidia anayeondolewa. Fidia ya mahindi yaliyosimama naweza kuhesabu. Ya chokaa niliyotia ardhini miaka na miaka ili tindikali ipungue, nani ataihesabu?

Karatasi hiyohiyo ya shefu ndiyo benki inaitazama kwa adabu kisha inanirudishia. Mkopo niliupata kwenye taasisi ndogo, kwa kuweka nyumba ya mume wangu rehani, na riba yake ni ya mtu anayeuza vitenge, anayezungusha pesa kila wiki. Mahindi yanazunguka mara moja kwa mwaka.

Saa nane mchana

Tumefika kwenye mashine ya kusaga, mjini. Mbele yetu kuna malori mawili yenye namba za Zambia. Mnunuzi ni mtu muungwana, tunajuana, ananiagizia kiti.

"Mama, karibu. Bei umeisikia."

"Nimesikia uvumi, papa. Bei nataka kuisikia kwako."

Ameitaja. Iko chini ya ile niliyoandika wakati wa kupanda, na chini kidogo ya gharama yangu nikihesabu riba. Nimemwuliza kama mahindi yangu ni mabaya. Ametia mkono ndani ya gunia, akanusa, akasema ni makavu kuliko yale ya mbele. Ila yale yamekuja mengi na kwa bei hii.

Sasa nieleze, maana wengi mjini wanadhani mkulima wa huku kwetu Katanga ni mvivu ndiyo maana tunakula unga wa kigeni. Mji huu ulizaliwa ukilishwa kutoka kusini. Reli ilifika hapa 1910 ikitokea Rhodesia, yaani Zambia na Zimbabwe za leo, na tangu enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji, mahindi ya kulisha wafanyakazi wa migodi yalikuwa yanaletwa na njia hiyo. Huko ng'ambo, Zambia, leo serikali inamsaidia mkulima mdogo kununua mbegu na mbolea kupitia mpango wao wa ruzuku, na wakala wao wa akiba ya chakula hununua mahindi hadi vijijini kwa bei iliyotangazwa. Mimi nashindana na mkulima ambaye mfuko wake wa mbolea umelipiwa sehemu kubwa na serikali yake. Sio Mzambia mmoja mmoja ninayemwonea wivu, ni nchi nzima iliyo nyuma yake.

Kisha geuza upande wa pili. Februari 2024 Rais Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa, karibu hekta milioni moja za mahindi zikiwa zimeharibika. Mahindi yao wakabaki nayo, kama ambavyo nchi yoyote ingefanya. Hapa unga ukapanda hadi watu wakaacha kununua kwa mfuko, wakanunua kwa meka, kopo la kupimia. Ungetegemea mwaka ule tutajirike. Lakini jua lile halikusoma ramani, na sisi pia tulivuna kidogo, na kidogo hicho tulishakiuza mwezi wa sita kulipa madeni. Bei ilipofika juu, mahindi yalikuwa ya wenye maghala. Mwaka uliofuata Zambia ikavuna zaidi ya tani milioni 3.6, rekodi yao, na bei ikaanguka. Tumelia mwaka wa njaa, tumelia na mwaka wa shibe.

Majibu ya wakubwa huwa yanaanzia kwenye hekta. Moïse Katumbi, alipokuwa gavana wa Katanga, aliwataka wenye migodi walime hekta 500 za mahindi kila mmoja. Shaba walijua kuitoa, mahindi wengi waliyalima kama adhabu. Mwaka 2014 likazinduliwa shamba kubwa la Bukanga Lonzo, mbali na huku, likafa ndani ya miaka michache, na kesi yake ikamfikisha waziri mkuu wa zamani kuhukumiwa 2025. Mimi, wangeniuliza, ningeomba ghala. Ghala kavu, mizani ya haki, na mtu wa kunikopesha nusu ya thamani ya mahindi niliyohifadhi hadi Novemba. Haifai kwa sherehe, najua, hakuna trekta ya kukata utepe.

Nimemwuzia nusu ya mzigo. Ameniongezea kidogo kwa ajili ya ukavu, na nimemshukuru. Nusu nyingine inalala kwenye chumba cha nyuma kwangu.

Saa kumi na moja

Foleni kwenye taasisi ya mkopo, rejesho limelipwa. Kilichobaki nimekigawa hapohapo nje kwa simu, kila mwenzangu na fungu lake, pungufu ya barabara, mashine na lori. Mmoja ananishuku kwa sauti. Nimempigia picha ukurasa wa daftari.

Saa mbili usiku

Bukari, yaani ugali, sombe, yaani kisamvu, na samaki wadogo. Unga ni wetu, tuliusagisha wenyewe, na watoto wanasema hauna weupe wa ule wa dukani. Waule tu.

Mume wangu ananisaidia kuhamishia mahindi kwenye mifuko ya plastiki ya kuzuia hewa, ile ya tabaka mbili ndani ya kiroba. Unakamua hewa, unapinda shingo, unafunga tabaka moja baada ya jingine, na fukusi wanakufa bila dawa. Shemeji yangu amekuja kutukuta jashoni. Amestaafishwa kazi ya mgodini na anataka tulime pamoja msimu ujao.

"Yaya, nina nguvu na nina muda."

Nimemwambia nguvu na muda ninavyo. Aje na pesa ya mbolea mkononi mwezi wa nane, bei ikiwa bado chini, na asiniambie kuuza Juni. Amesema atafikiria. Nimempa ncha ya mfuko ashike.