Alijuaje viatu si vyangu?

Ujiji, Jumapili usiku

Mpwa wangu hajala. Ugali na mgebuka wake bado vimefunikwa pale mezani.

Timu yetu ya mtaa imefungwa mbili bila leo jioni, lakini si mabao yaliyomnyima hamu ya kula. Ana miaka 16, anacheza winga ya kulia. Kipindi cha kwanza alimpita beki wao mara tatu. Mara ya nne yule beki hakumkaba, alimwinamia sikioni. Nilikuwa kwenye mstari, hatua chache tu, nikasikia: "Dogo, mwenye viatu akija kuvidai utamaliza mechi peku?"

Viatu ni vya kuazima kweli. Vinampwaya, tumevijaza magazeti mbele. Tangu hapo mpira ukimjia anatazama miguu yake kwanza. Kipindi cha pili akaacha kabisa kuuomba.

Njiani akaniuliza, "Mjomba, alijuaje viatu si vyangu?"

Najua alivyojua, maana nami nilikuwa beki. Beki mwenye mdomo hasemi ovyo. Anakuchungulia kwanza, unavyokimbia, nani amekuja kukushangilia, nani hakuja, mpaka aone pa kukugusa.

Tambo tumezizoea. Julai 2021 Simba na Yanga walipokuja Uwanja wa Lake Tanganyika kwa fainali ya Kombe la Shirikisho, hapa mjini tulitambiana mpaka usiku wa manane. Simba wakashinda 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga, waliofungwa wakachekwa, yakaisha. Wale ni watani wa jadi. Mtani hunicheka akijua nami nitamrudishia. Yule beki na mpwa wangu hawana utani wowote.

Wapo wanaosema mchezaji aliyekomaa hasikii maneno. Zidane alikuwa nahodha wa Ufaransa, Kombe la Dunia ameshalibeba 1998. Dakika ya 110 ya fainali ya 2006 kule Berlin, Materazzi, beki wa Italia, akamtajia dada yake, naye akampiga kichwa cha kifua. Kadi nyekundu, na Ufaransa wakafungwa kwa penalti. Ikiwa Zidane alisikia, huyu wangu atazibaje masikio?

Na maneno hayo yanasaidia, siwezi kukana. Msimu wangu wa mwisho nilipangiwa kumkaba mshambuliaji aliyekuwa ametoka kumzika baba yake, hata mwezi haujaisha. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alijifuta uso kwa jezi, akaomba kutolewa. Tukashinda, nikabebwa juu juu. Miaka mingi niliihesabu ile kuwa siku yangu bora uwanjani.

Siku hizi anauza dagaa pale mwaloni Kibirizi. Nikinunua, ananiongezea konzi moja juu. Ananiuliza habari za nyumbani, namuuliza za kwake. Mechi ile hajaitaja hata siku moja, nami sijathubutu.

Jumamosi ni marudiano. Mpwa wangu ameketi mlangoni, viatu mapajani. Ametoa magazeti yaliyolowa jasho, na sasa anakunja mengine makavu, anayasukuma ndani kwa kidole gumba, taratibu.