Mke wa Ayubu alikuwa wapi siku zile saba?

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Juma hili nimekaa na Ayubu sura ya 2, ila aliyenikalisha hapo si Ayubu, ni mkewe.

Huyu mama tumemhubiri vibaya. Hata jina lake halikuandikwa, lakini mstari wa 9 tunao kichwani wote: "Umkufuru Mungu, ukafe." Akishausoma, mhubiri anatikisa kichwa, nasi tunaguna, tunasonga mbele. Tunasahau kwamba wale watoto kumi walioangukiwa na nyumba katika sura ya 1 aliwazaa yeye. Mali iliyopotea ilikuwa ya nyumba yake. Na mtu pekee aliyebakiziwa ameketi majivuni, ana majipu toka utosini hadi nyayo, anajikuna kwa kigae, na yeye kazi yake ni kutazama.

Nasema haya kwa sababu huu ni mwaka wa sita mke wangu anaishi na maumivu ya mgongo. Maumivu yakizidi miezi 3, madaktari huyaita sugu. Pengine palipoumia palishapona, picha zinatoka safi, lakini mishipa ya fahamu inaendelea kupeleka habari kana kwamba jeraha ni la jana. Mwenye bandeji huonewa huruma. Mwenye maumivu yasiyoonekana huambiwa, "Mbona unaonekana mzima?"

Mimi nimekuwa msomaji wa vitu vidogo. Asubuhi kitanda kikilia mara moja, najua leo kuna nafuu. Kikilia, kikanyamaza, kikalia tena, najua amekaa ukingoni anajikusanya kabla ya kusimama. Zamani nilikuwa nakimbia kumwinua, namvalisha viatu, namjibia hata maswali ya wageni. Siku moja akaniambia, "Baba, niache nifunge kiatu changu. Hiki bado nakiweza." Alikifunga kwa dakika nyingi, nami nimesimama pale mikono inaniwasha. Paulo anawaambia Wagalatia wachukuliane mizigo, na mistari mitatu mbele anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Niliona mistari hiyo inagombana mpaka siku ya kile kiatu. Sasa tumekubaliana: asubuhi ananitajia namba ya maumivu yake, sifuri hadi kumi, nami sibishani nayo wala siongezi msaada ambao hajauomba.

Lakini lililonirudisha kwa mke wa Ayubu ni jambo la usiku. Ilikuwa saa tisa. Aliniomba nimgeuze, mara ya nne usiku ule, nami nikamgeuza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Hakulalamika. Alikaza meno tu, nikasikia. Nikaenda bafuni nikafungulia bomba asinisikie nikilia. Niliyomwambia Mungu mle ndani sitayaandika hapa, ila hayakuwa mbali na mstari wa 9.

Ndipo nilipojiuliza: marafiki watatu walikuja wakaketi chini na Ayubu siku saba, mchana na usiku, wasiseme neno. Hilo ndilo jema walilofanya kabla hawajafungua midomo. Sasa huyu mama, nani aliketi naye? Hakuna aliyeandikwa.

Na hata sisi ndivyo tulivyo. Ibada ikiisha utasikia, "Mama anaendeleaje? Pole kwa kuuguza." Unajibu, "Tunamshukuru Mungu," na aliyeuliza ameshamgeukia mwingine. Simlaumu mtu, nami nimewafanyia wengine hivyo miaka mingi. Kuna na wanaotukumbusha kwamba Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba, akaambiwa neema yatosha. Ni kweli. Lakini Paulo alijibiwa na Bwana mwenyewe, hakujibiwa na jirani mlangoni anayetafuta namna ya kuaga.

Juzi nikafika sura ya 19. Ayubu anahesabu waliomkimbia: ndugu wako mbali, jamaa wamekoma kuja, anamwita mtumishi haitiki. Kisha mstari wa 17 anasema pumzi yake imekuwa ya kumchukiza mkewe. Siku zote nimeusoma kama lalamiko moja zaidi. Wasomi wa Maandiko wanisamehe, lakini safari hii nimesikia kingine. Pumzi ya mgonjwa huisikii ukiwa kwa jirani. Unaisikia ukiwa umeinama juu yake, unamnywesha au unamgeuza. Sura kumi na saba baada ya yale maneno yake mabaya, yule mama bado yupo karibu kiasi hicho. Na katika sura ya 42 Mungu anapowaka hasira, zinamwangukia Elifazi na wenzake wawili waliohubiri vizuri. Mke hakuambiwa kitu.

Nilimwonyesha mke wangu mstari huo. Akaucheka, akasema kumbe hata Ayubu alihitaji kupiga mswaki. Kisha akanyamaza, akaniambia, "Usiku ule wa bomba nilikusikia." Sikujua pa kutazama. Akasema, "Nilitaka kuja, mgongo ukakataa."

Alhamisi iliyopita dada mmoja wa kanisani alibisha hodi mchana, mkononi ana mfuko wa kufuma. Nikaanza kumpa habari za mgonjwa kama kawaida. Akanikata: "Sijakuja kuuliza. Nenda kalale, mimi nipo." Nilitaka kumwelekeza dawa ziko wapi, akasema mgonjwa mwenyewe ana mdomo, atamwuliza. Nikalala na viatu. Nilipoamka giza lilikuwa limeingia, nikawasikia wanacheka chumba cha pili, na kitanda kikalia mara moja tu.