Mwanzo Wangu na TRS-80 Model 100

Kwa muda mrefu nilitamani kuandika kwa kutumia TRS-80 Model 100, kompyuta ya kubebeka iliyoundwa na Kyocera ya Japani, ambayo kampuni ya Tandy ya Fort Worth, Texas, ilianza kuiuza mwaka 1983 katika maduka yake ya Radio Shack. Niliyoipata mnadani ina ukubwa wa daftari nene, haifiki kilo 2, haina kifuniko cha kukunjua, na hutumia betri nne ndogo, zile zile tunazotia kwenye rimoti ya televisheni.

Kilichonishangaza kwanza ni wepesi wake wa kuwaka. Ukisukuma swichi ya ubavuni, orodha ya programu hutokea papo hapo, kwa kuwa programu zote, ikiwemo BASIC ya Microsoft (lugha ya kuandikia programu), zimo ndani ya chipu za kudumu na hakuna diski ya kusubiriwa. Faili nazo hukaa katika kumbukumbu ile ile unayoandikia, kwa hiyo unaweza kuizima katikati ya sentensi na, ukiiwasha kesho yake, ukaikuta sentensi hiyo mahali pake. Nafasi iliyokuwa wazi nilipoanza ilikuwa baiti 29,638, ambazo hazitoshi hata picha moja ya simu, lakini kwa maandishi matupu ni kurasa kadhaa.

Skrini ndiyo iliyonisumbua. Ina mistari 8 tu, kila mmoja wa herufi 40, na kwa kuwa haina taa yake, jioni ya kwanza niliihamisha meza hadi chini ya balbu na kuinamisha kompyuta huku nikizungusha kidude cha kurekebisha weusi wa maandishi. Kiswahili kina shida yake ya ziada hapo: vitenzi kama “wasingalitusaidia” havikatwi, hivyo hushushwa vizima kwenye mstari unaofuata na kuacha pengo nyuma yao. Hata hivyo, sentensi yangu inapojaza nusu ya skrini naiona wazi kwamba imerefuka mno, jambo ambalo kompyuta yangu ya kisasa haijawahi kunionyesha. (Msomaji atahukumu kama nimejirekebisha.)

Kibodi, kwa upande wake, ni ya ukubwa kamili, na vitufe vyake vinabonyea kwa kina kinachoridhisha vidole. Kwa kuandika mfululizo naipendelea kuliko za kompyuta mpakato nyingi za leo. Tarehe ndiyo kichekesho, kwani tarakimu 19 za mwanzo wa mwaka hazibadiliki, na kwa kompyuta hii bado tuko karne iliyopita.

Waandishi wa habari wa Marekani waliipenda kwa sababu ya modemu (kifaa cha kutuma data kwa laini ya simu) iliyomo ndani, iliyotuma biti 300 kwa sekunde, yaani takriban herufi 30, kiasi kwamba habari yenye urefu wa makala hii ingefika chumba cha habari kwa dakika moja na nusu hivi kupitia simu ya hoteli. Mimi sina simu ya waya nyumbani. Rasimu hii niliitoa kupitia tundu la pini 25 lililo nyuma, kwa kebo na adapta ya USB, na imefika ikiwa herufi tupu, bila fonti wala rangi, tayari kuhaririwa kwenye skrini pana.