Bao la dakika ya tatu

Jumapili, usiku wa manane.

Mpwa wangu kapitiwa na usingizi kwenye kochi, simu ingali mkononi. Ubishi wetu umeisha bila mshindi. Yeye kalala, mimi nimebaki macho, basi naandika.

Chanzo ni kipande cha video cha Kombe la Dunia la 2002: Poland na Marekani, mjini Daejeon, Korea Kusini, tarehe 14 Juni. Dakika ya tatu, kona. Wamarekani wanababaika kuuondoa mpira, na mshambuliaji mweusi mwenye jezi ya Poland anaufumua wavuni kutoka karibu.

"Mjomba, huyu ni Mpolandi?"

"Ndiyo."

"Wa wapi?"

"Wa Warri, Nigeria."

Akanitazama kama mtu anayetaniwa.

Emmanuel Olisadebe. Kulitaja tu jina hilo kumenirudishia aibu ya zamani, maana mwaka ule mimi na kaka yangu tulimwita msaliti, tena kwa sauti, mbele ya televisheni. Sisi si Wanigeria. Habari zake hatukuwa nazo hata robo. Tuliona ngozi, tukaona jezi, tukatoa hukumu.

Habari zenyewe ni hizi. Alizaliwa Desemba 1978. Kutoka Jasper United ya kwao Nigeria alikwenda klabu ya Polonia Warsaw, Poland, mwaka 1997, kijana wa miaka 18. Huko kuna mashabiki wa timu pinzani waliomrushia ndizi uwanjani. Akaendelea kufunga. Mwaka 2000 Polonia wakatwaa ubingwa wa ligi, kitu ambacho hawakuwa wamekionja tangu 1946, na mwaka huohuo Rais Aleksander Kwaśniewski akampa uraia. Kocha wa timu ya taifa, Jerzy Engel, alikuwa na haraka naye. Agosti akaingia timu ya taifa dhidi ya Romania, akafunga siku hiyohiyo ya kwanza. Septemba wakaenda Kyiv kucheza na Ukraine ya Shevchenko, akapachika mawili na Poland ikashinda 3-1. Hadi mechi za kufuzu zinakwisha alikuwa na mabao manane, na Poland inarudi Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1986.

Mimi hapo kwenye ndizi ndipo ninaposhindwa kuendelea mbele. Namwaza yule aliyebeba ndizi kutoka nyumbani. Maana ndizi haijileti uwanjani. Mtu aliichukua, akaitia mfukoni, akapita nayo getini, akaingoja saa yake. Siku ya Kyiv alikuwa wapi? Huenda alikuwa sebuleni kwake, karuka juu, kamkumbatia jirani. Huenda jina Olisadebe alilitamka vizuri kabisa siku hiyo, silabi zote tano.

Nami na kaka yangu tulikuwa tumemtupia nini? Hatukuwa na ndizi, tulikuwa na neno.

Niliposhika msimamo kwamba mtu ni kwao, mpwa wangu akauliza, "Kwani Nigeria alishawahi kuichezea?" Nikasema timu ya wakubwa, hapana. "Sasa alimsaliti nani?" Nikaanza kueleza kwamba enzi zile Nigeria ilikuwa na kina Kanu, kwamba nani angehangaika na kijana wa ligi ya Poland, na katikati ya maelezo nikagundua kwamba namsaidia yeye kunishinda. Nikanyamaza nikajifanya nakohoa.

Halafu akafanya hesabu ambayo miaka yote hii sikuwahi kuifanya. Nigeria nayo ilikuwa kwenye fainali zile. Ikafungwa na Argentina, ikafungwa na Sweden, ikatoka suluhu na Uingereza. Bao lake lote la mashindano lilikuwa moja, la Aghahowa. Olisadebe naye alifunga moja. "Sare," akasema, akacheka peke yake.

Lakini hilo moja lenyewe! Poland ilikuwa imeshachapwa 2-0 na Korea Kusini na 4-0 na Ureno, mabegi yako tayari. Walishinda 3-1, na Marekani waliofungwa ndio waliosonga mbele. Ukitazama vizuri, lile bao halikuokoa kitu. Nafikiri ndiyo sababu nalipenda. Alikuwa anacheza tu.

Baada ya hapo goti likamsumbua. Mechi 25, mabao 11, na kufikia 2004 hadithi yake na timu ya taifa ilikuwa imekwisha. Poland ikaenda Ujerumani 2006 bila yeye, naye ana miaka 27 tu. Alikuwa ameshahamia Panathinaikos ya Ugiriki tangu 2001. Baadaye akapita Portsmouth, Cyprus, hata China. Mwaka 2008 Poland ikampa uraia Roger Guerreiro, mzaliwa wa Brazil, na katika Euro ya mwaka huo bao pekee la Poland likafungwa na huyohuyo. Safari hiyo mimi na kaka yangu hatukumwita mtu msaliti. Sikumbuki hata kama tulilizungumza.

Nimeitoa simu mkononi mwa mtoto niichomeke chaji. Video imesimama palepale, dakika ya tatu, mpira bado haujafika wavuni. Kesho nimpigie kaka.