Mshono wa lupu

Mombasa, Alhamisi, saa tano usiku

Huu ndio wakati wa kusikiliza besi hapa Mji wa Kale. Tuktuk zimepungua, kunguru wamelala, na feni ikizimwa chumba kinatulia vya kutosha kusikia mkia wa mwangwi unavyoisha. Joto, basi, ni la kuvumilia. Muziki wa mchezo wa video ni lupu, kipande kinachojirudia bila kuisha, na unashonewa kwenye huo mkia.

Mashine ya yote-kwa-moja, ile yenye pedi au kinanda, sampuli (sauti zilizorekodiwa), sikwensa (kipanga mapigo na noti), mwangwi na mixa katika boksi moja, iliundwa kumalizia wimbo. Korg M1 ilipotoka 1988 ilikuja na sauti zake, athari zake (vya kupamba sauti, kama mwangwi) na sikwensa ya traki 8. Mwaka huohuo kampuni ya Akai, wakiwa na Roger Linn, mbunifu wa mashine za ngoma, walitoa MPC60. Nia ilikuwa moja: mtu akae, aunde, ainuke na wimbo wenye mwanzo na mwisho. Sasa mchezo hauna haja na mwisho. Mchezaji anaweza kupita sokoni kwa sekunde 20 au akazubaa pale saa nzima akipanga bei ya samaki. Ndiyo maana kwenye mashine hizi kutunga ni raha, na kutoa faili ndiko kunakotoa jasho.

Chukua chakacha, ngoma ya pwani. Ni 6/8, lakini mashine nyingi huhesabu kasi kwa noti ya robo, si kwa pigo ambalo mguu unalifuata. Baa moja (fungu moja la mapigo) ya 6/8 ni noti za robo tatu. Ukiweka kasi 180, mguu unapiga 120 kwa dakika na baa moja inachukua sekunde moja kamili. Baa 16 (za muziki, si za Mtwapa) ni sekunde 16. Kwa 44.1 kHz, yaani vipimo 44,100 vya sauti (nukta) kila sekunde, hizo ni nukta 705,600. Kwa 48 kHz ni 768,000. Andika namba hiyo kwenye karatasi ubandike ukutani. Faili ikitoka, ifungue kwenye kompyuta uangalie urefu kwa nukta, si kwa sekunde. Ikiwa imezidi hata kidogo, mashine imeongeza kimya mwishoni, na kila mzunguko ngoma itachelewa kama mpigaji aliyepitiwa na usingizi.

Kosa la kawaida zaidi ni kukata baa 16 na kuondoka. Pigo la mwisho la dumbaki linaacha mwangwi wa sekunde mbili, wewe umeukata pale pale, na lupu ikirudi mwanzoni masikio yanahisi mlango umefungwa ghafla. Dawa yake: panga sikwensa ipige mara mbili mfululizo, toa baa zote 32, kisha tupa 16 za kwanza. Ile nusu ya pili inaanza ikiwa tayari imebeba mkia wa nusu ya kwanza, kwa hiyo mwisho na mwanzo vinaungana. Nusu ya kwanza yenyewe usiifute kabisa. Mchezo uianze hiyo mara moja, halafu uingie kwenye ya pili, la sivyo muziki utaanza na mwangwi wa ngoma ambayo hakuna aliyeipiga.

Hata hapo mshono unaweza kuonekana. Sababu mara nyingi ni athari inayojizungusha kwa saa yake: korasi, feza (phaser), au chujio linalofunguka na kufunga polepole. Mzunguko wake ukiwa wa sekunde 7, hauingii sawasawa ndani ya 16, na sauti inaruka pale lupu inaporudi. Ifunge athari kwenye kasi ya wimbo, kila baa 4 au 8, itarudi ilipoanzia.

MP3 usiiguse kwa lupu. Inapanga sauti kwa mafungu ya nukta 1,152 na kuongeza kimya mwanzoni na mwishoni. Ukiunganisha, utasikia pengo. Peleka WAV kwa mtayarishaji programu, naye aibane kwa Ogg Vorbis. Hizo sekunde 16 za stereo ya biti 16 kwa 44.1 kHz, zikibaki WAV, ni takriban MB 2.8, na tabaka nne (faili nne zinazolia pamoja) ni zaidi ya MB 11. Kwa mchezo wa simu unaopakuliwa kwa bando la siku, hizo ni nyingi.

Tabaka zenyewe zina mtego wake. Msondo na vumi faili moja, chapuo na kayamba ya pili, udi ya tatu, fidla ya nne. Hatari ikikaribia mchezo unafungua ya nne. Ukizitoa huku limita ya mwisho (kizuizi cha sauti isizidi kiwango) imewashwa, kila tabaka inabanwa kivyake, na zikijumlishwa hutapata ule mchanganyiko uliousikia kwenye mashine. Izime. Tabaka nne zenye nguvu sawa zikilia pamoja zinapanda kama dB 6, kwa hiyo acha nafasi: kilele cha kila moja kisipite dB -12 hivi.

Sasa sauti zenyewe. Sampuli moja ya chapuo haitoshi. Kwenye wimbo wa dakika tatu inapita, lakini ndani ya lupu inayosikika mara mia moja lile pigo lilelile linageuka cherehani. Rekodi pigo moja mara nne, mkono uleule, nguvu ileile, kisha chagua mtindo wa kuzungusha sampuli kwa zamu. Mashine nyingi zinao, umejificha tu kwenye menyu ya pedi.

Udi na fidla ndipo boksi linaposhindwa lugha. Limepangwa kwa noti 12 zilizo sawa, na taarabu inataka zilizo katikati. Bayati, mojawapo ya mizani za taarabu, inayoanzia Re ina Mi ambayo si ya kawaida wala si bemoli (iliyoshushwa nusu toni). Iko baina yao. Kwenye jedwali la mizani, teremsha Mi kwa senti 50 (nusu toni ni senti 100), kisha sogeza 5 juu au chini mpaka sikio likubali, kwani mpiga fidla halengi 50 kamili. Hakikisha jedwali hilo ni la sauti hiyo tu. Likiwa la mashine nzima, besi nayo inateremka ikigusa Mi, na kinanda kinasikika kibovu. Kama hakuna jedwali, weka Mi kwenye pedi yake na uishushe peke yake. Ni kazi ya mkono, lakini bila hiyo unapata taarabu ya hoteli.

Umeme ukikatika, mashine isiyo na betri inapoteza kila kitu ambacho hakijaandikwa kwenye kadi. Hifadhi kwa jina jipya kila mara (soko_07, soko_08), maana faili iliyokuwa ikiandikwa wakati umeme unakatika inaweza isifunguke tena. Na kwa chumvi ya hewa ya hapa, funika mashine usiku. Vifundo huanza kukwaruza sauti kabla ya kitu kingine chochote.

Mwisho sikiliza kwa simu, si kwa spika kubwa. Spika ya simu inatoa kidogo sana chini ya Hz 200, kwa hiyo ule msondo mzito unatoweka wote. Usiuongeze sauti. Nakili traki yake, iharibu kidogo kwa mkwaruzo, kata chini ya Hz 300, na uichanganye kwa chini chini. Simu itapiga ule mkwaruzo, na sikio litajaza besi lenyewe.