Bibi, koga

Mwaka 2017 mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka miwili na miezi miwili, na maneno yake yote yalienea kwenye vidole vya mkono mmoja: mama, dada, nyau, na "tii", yaani televisheni. Nesi wa kliniki aliyapokea majibu yangu, akaangalia kadi, akaniangalia mimi. Akasema mtoto wa umri huu anatakiwa awe ameshaanza kuunganisha maneno mawili, nimpeleke apimwe masikio.

Masikio yalikuwa mazima. Daktari akaniuliza mtoto anashinda na nani. Nikamwambia anashinda na dada wa kazi, binti mpole kutoka Singida. Wanafanya nini kutwa? Nikajibu kwa kujivuna kidogo kwamba wanaangalia katuni za Kiingereza, ili akianza chekechea asipate taabu. Daktari hakusema kitu. Aliandika tu kwenye faili, nami sikuipenda ile namna alivyoandika.

Tulikuwa tunaishi Tabata. Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, narudi saa mbili usiku mtoto kashasinzia kochini. Baba yake kazi zake za safari. Nikachukua likizo yangu ya mwaka, siku 28 zote kwa mkupuo, dada naye nikampa ruhusa aende kwao. Mimi na mtoto tukapanda basi Ubungo kwenda kwa mama yangu Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Njia nzima, Chalinze hadi Segera, hakutoa sauti. Muheza alinyoosha kidole kwenye machungwa. Nikamnunulia bila kusema neno. Leo hii nikikumbuka naona aibu: alikuwa ameniambia jambo, nami nikampa chungwa nikanyamaza.

Mama yangu hakusomea malezi. Alikuwa na saa zake tu, na hakuna aliyezivuruga. Asubuhi anawasha jiko la mkaa, anabandika sufuria ya maji. Maji yakishapata uvuguvugu anatandika kanga uani, anaweka beseni, anaita, "Mume wangu, njoo ukoge!" Kila siku ndivyo alivyoita, na kila siku alianza na miguu.

"Mguu huu wa nani? Na huu? Miguu hii imetoka wapi, mbona ina mchanga? Lete kidole. Kidole hiki, na hiki, vidole hivi vyote vya bibi. Fumba macho, maji yanakuja. Jicho hili limefumba, hili bado linachungulia!"

Nilikaa kwenye kigoda nikisikiliza, ndipo nikashtuka. Mwalimu wetu wa Kiswahili sekondari alitutesa na ngeli muhula mzima, na huyu bibi alikuwa anazipitia karibu zote kwenye beseni moja kabla chai haijachemka. Mguu na miguu, jicho na macho, kidole na vidole, ulimi, nywele. Mwili wa mtoto ni kitabu cha sarufi kizima, ila mimi nilikuwa nauosha tu.

Akimaliza kuuliza, ananyamaza. Anasubiri hasa, kopo liko hewani, maji hayamwagwi mpaka mtoto afanye kitu: acheke, ainue mguu, aguse pua. Mimi nilishindwa kuvumilia ule ukimya. "Mama, hajui kusema." Akanijibu bila kunigeukia, "Hajui au humpi nafasi?"

Njiani ilikuwa hivyo hivyo. Tukienda kununua vitumbua, wazee wa barazani wanasalimiwa mmoja mmoja. Mimi nilizoea kumsemea: "Shikamoo babu, hajambo huyu, ana aibu tu." Mama akanifinya. "Usimjibie mume wangu." Tukasimama pale, wazee wanangoja, vitumbua vinapoa. Siku ya tano au ya sita mtoto akatoa "moo!" na baraza zima likaitikia marahaba kama vile kasoma hotuba. Kesho yake aliwakimbilia wenyewe.

Mchana alipewa ungo wake mdogo wenye choroko kiganja kimoja, achambue na bibi. Hili jiwe, tupa. Hii choroko, weka. Jiwe, tupa. Choroko, weka. Nilipata usingizi kwa kuwasikiliza tu. Televisheni ilikuwepo sebuleni, ila iliwashwa kwa taarifa ya habari ya saa mbili, ikazimwa.

Sasa siku ninayotaka kuisimulia ni ya wiki ya tatu. Mama aliamka na homa, akabaki chumbani. Mimi nikaamua mtoto asikogeshwe asubuhi, jua likipanda nitamwosha chapuchapu bombani. Jiko halikuwashwa, beseni halikutoka. Mtoto akatoka uani, akaangalia pale inapokaa kanga. Akazunguka. Akaenda kwenye pipa, akachukua kopo, akalivuta kwa sakafu hadi kwenye pazia la chumba cha mama. Akasimama.

"Bibi."

Kimya.

"Bibi. Koga." Halafu, kwa mkupuo mmoja, sauti ya kudai deni: "Bibi, koga!"

Mimi nilikuwa nimeshika fagio. Sikuthubutu hata kuliweka chini.

Ndani mama akacheka kwa sauti ya mgonjwa. "Mimi sikogi leo, mume wangu, nina homa. Mwambie mama yako akukogeshe."

Aligeuka akanitazama kwa mashaka, kisha akaniletea kopo. Nikawasha jiko mikono ikitetemeka. Nikamkalisha kwenye beseni, nikamwagia maji kichwani kama nilivyozoea. Akapiga kelele, akanyoosha mguu usoni kwangu.

"Guu!"

Nilikuwa nimeanzia pasipo.

"Mguu huu wa nani?" mama akauliza kutoka chumbani, kunitolea mfano. Nikarudia maneno yake, nikanyamaza, kopo juu. Nikahesabu moyoni mpaka nne. Mtoto akajipiga kifua. Nikamwaga maji.

Jioni ile nilimpigia simu dada, Singida. Nilitaka kumpa habari, na pia, nikiri, nilitaka kumlaumu kidogo. Nikamweleza habari za koga na guu, akafurahi sana. Nikamwuliza, "Hivi wewe ukiwa unamwogesha, huwa unamwambia nini?"

Akakaa kimya, nikadhani mtandao umekata.

"Mwanzo nilikuwa nampigia hadithi, mama," akasema. "Halafu ukaniambia nisimwongeleshe Kiswahili changu cha kijijini, atakishika. Ndiyo nikaacha."