Siku tano barabarani, bata mzinga akiyeyuka

Jumamosi asubuhi tuliondoka Boston kwa gari la kukodi, watu watatu, tukiwa na mpango wa kufika New Orleans kabla ya Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ambayo Wamarekani huadhimisha Sikukuu ya Shukrani. Njiani tulitaka kuingia majikoni. Ukiiona sikukuu hii mezani tu, saa nane mchana, huambulii kitu: ndege mkubwa wa rangi ya kahawia na mabakuli kumi yamemzunguka. Kazi imeshakwisha, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kushindana na maji, yasitoke kwenye nyama, yasibaki kwenye viazi, yasilowanishe kitako cha pai.

Kituo cha kwanza kilikuwa Plymouth, kama kilomita 65 kusini. Mwaka 1621 walowezi wa Kiingereza walikula hapa siku tatu pamoja na Massasoit, kiongozi wa wenyeji asilia wa Wampanoag, na watu wake wapatao 90, ambao walileta kulungu watano. Barua ya Edward Winslow, mmoja wa walowezi hao, inataja kulungu hao na ndege wa porini. Haitaji pai, na viazi havikuwepo. Sikukuu ya taifa zima ni jambo la baadaye: mhariri wa jarida Sarah Josepha Hale aliipigia debe kwa miaka mingi, Rais Lincoln akaitangaza mwaka 1863, na Alhamisi ya nne ikawekwa kisheria mwaka 1941. Tangu 1970, siku hiyohiyo wenyeji asilia wa Marekani hukusanyika Plymouth kuomboleza, kwa kuwa wao wanayakumbuka pia yaliyofuata baada ya ile karamu.

Pembeni ya mji, upande wa Carver, kuna mashamba ya kranberi, tunda jekundu dogo, chachu kama ukwaju mbichi. Wakati wa mavuno shamba hujazwa maji, matunda yakaelea. Ukilikata moja katikati unaona sababu: vyumba vinne vya hewa. Sosi yake ndicho chakula rahisi kuliko vyote vya meza hii, na bado watu hukiharibu. Gramu 340 za matunda, gramu 200 za sukari, kikombe kimoja cha maji (mililita 240), na ganda la chungwa lililokwaruzwa ukipenda. Chemsha maji na sukari, tia matunda, acha yatokote taratibu dakika kumi hivi hadi mengi yapasuke. Sosi ikiwa jikoni bado itaonekana nyepesi, na hapo ndipo mpishi mwenye wasiwasi anaongeza dakika kumi nyingine. Asifanye hivyo. Tunda lina pektini nyingi, na sosi hujishika yenyewe ikipoa. Ukizidisha moto, kesho utakata mpira. Kuna nyumba nyingi ambazo hazitaki hii ya kupika, zinataka ya kopo, inayotoka na mistari ya kopo ubavuni na kukatwa vipande kama sabuni. Mimi naipenda hiyo ya kopo, na sioni haya kusema.

Jumapili, tukiwa barabarani, simu ililia. Wenyeji wetu wa New Orleans walikuwa wameshawatoa ndege wawili kwenye friza na kuwashusha kwenye friji. Ndiyo maana ya kuhesabu siku. Bata mzinga wa kilo 6 anahitaji siku tatu kuyeyuka ndani ya friji, takriban saa 24 kwa kila kilo 2. Ukimtoa Jumatano usiku, Alhamisi utamkuta laini nje na jiwe katikati, na ule mfuko wa shingo, firigisi na maini ulioachwa tumboni umeganda mle ndani. Kumwacha juu ya meza ya jikoni usiku kucha hakumsaidii: nje anaanza kuharibika kabla ndani hajalainika. Aliyechelewa bado ana njia, ndoo ya maji baridi, nusu saa kwa kila nusu kilo, maji yakibadilishwa kila baada ya nusu saa. Kwa ndege wa kilo 6 hiyo ni kama saa sita za kusimama karibu na sinki.

Tulipita Camden, New Jersey, ng'ambo ya mto kutoka Philadelphia, kwa ajili ya chakula kimoja. Hapa mwaka 1955 Dorcas Reilly, akifanya kazi kwenye jiko la majaribio la kampuni ya supu ya Campbell, alibuni bakuli la maharage mabichi lililoenea nchi nzima. Kopo moja la supu nzito ya uyoga, nusu kikombe cha maziwa, kijiko cha chai cha sosi ya soya, pilipili manga, vikombe vinne vya maharage mabichi yaliyopikwa, na kikombe kimoja na theluthi cha vitunguu vya kukaangwa vya kopo. Changanya vyote isipokuwa nusu ya vitunguu, weka kwenye oveni ya nyuzi 177 kwa dakika 25, kisha nyunyiza vitunguu vilivyobaki na urudishe dakika tano tu. Ukiviweka vyote mwanzoni vitalowa. Anayetumia maharage ya friza bila kuyayeyusha na kuyachuja vizuri atatoa supu. (Oveni zao husoma Farenhaiti, kwa hiyo 177 yangu ya Selsiasi kwao ni 350. Mgeni anayesikia "three-fifty" jikoni asidhani ni saa.)

Jumatatu tulilala Baltimore, kwa familia ya Wakenya. Mji huu una desturi inayowashangaza hata Wamarekani wa kwingine: bata mzinga huliwa na sauerkraut, kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, urithi wa wahamiaji wa Kijerumani. Mama mwenye nyumba ameipokea bila shida. Huiosha mara moja tu, maana ukiiosha mara tatu unabaki na nyasi. Huikamua, huitia kitunguu, tufaha moja lililokatwa na kijiko cha chai cha kisibiti, kisha moto mdogo saa moja na nusu. Kando yake Alhamisi kutakuwa na pilau na sambusa, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi za Afrika Mashariki huku. Uchachu wa kabichi, alituambia, unafanya kazi ya kachumbari. Niliionja na pilau la jana yake na nikakubaliana naye.

North Carolina ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa viazi vitamu, na Jumanne tulikuwa katikati ya mashamba yake ya mashariki. Hapa neno linaweza kumpoteza msomaji wa Kiswahili. Kwenye makopo na mezani viazi hivi huitwa yam, jina ambalo kwa haki ni la viazi vikuu. Wafanyabiashara wa Louisiana walilitumia katika miaka ya 1930 ili kuvitofautisha viazi vyao vya rangi ya chungwa na vile vyeupe vya Kaskazini, na likabaki. Kiazi kikuu halisi hakimo kwenye meza hii.

Kiazi kilichotoka shambani leo si kitamu. Baada ya kuchimbwa hukaa kwenye ghala la nyuzi kama 29, hewa ikiwa na unyevu mwingi, kwa muda wa wiki moja hivi. Michubuko hupona na utamu huanza kujengeka. Kisha hupelekwa kwenye baridi kiasi, na hapo hukaa miezi. Kosa la nyumbani ni kukiweka kwenye friji, ambako katikati hukakamaa na kubaki kigumu hata baada ya kupikwa.

Kwa pai, usikichemshe. Kioke kizima na ganda lake kwa saa moja, nyuzi 200, hadi utomvu wake mtamu uanze kuchuruzika kama asali. Ukikichemsha kitanywa maji, na maji hayo yatakudai kwenye pai. Wapishi wa Kusini, na hasa Wamarekani weusi, hupenda pai hii kuliko ile ya boga. Kaskazini ni boga: kopo la gramu 425, maziwa ya kopo yasiyo na sukari mililita 354, mayai mawili, sukari gramu 150, kijiko cha chai cha mdalasini, nusu kijiko cha tangawizi, robo ya karafuu ya unga, nusu ya chumvi. Dakika 15 kwenye nyuzi 218, kisha 40 hadi 50 kwenye 177. Itoe katikati ikiwa bado inatikisika kidogo kama jeli. Ukisubiri katikati ikaze, mayai yatakuwa yameshakaza kupita kiasi na uso utapasuka. Ndiyo asili ya ile krimu nyingi unayoiona juu ya pai za watu, imefunika ufa. Na lile boga kubwa la mapambo ya Oktoba halifai kabisa, ni maji na nyuzi.

Kuhusu unga wa pai: ngano gramu 155, siagi ya baridi gramu 113, maji ya barafu vijiko vikubwa vitatu au vinne. Mikono ya mpishi wa chapati ina tabia ya kukanda. Hapa izuiwe. Vipande vya siagi vibaki vinaonekana, saizi ya njegere, kwa sababu ndivyo vitakavyoachanisha matabaka.

Usiku huo tulifika nje ya Atlanta, Georgia. Kaskazini mkate hujazwa ndani ya ndege na huitwa stuffing. Kusini hupikwa kwenye sinia lake na huitwa dressing, na hoja ya Kusini ina nguvu. Mkate ulio tumboni hunywa maji ya nyama mbichi, kwa hiyo lazima nao ufike nyuzi 74 katikati, na mpaka ufike, kidari kimeshakauka. Mkate wenyewe ni wa mahindi, bila sukari: unga wa mahindi gramu 300, maziwa mtindi nusu lita, mayai mawili, magadi ya kuokea na chumvi, ukamwagwa kwenye kikaango cha chuma kizito chenye mafuta ya moto mpaka uchachatike. Uoke siku moja kabla na uuache ukauke. Siku ya pili uvuruge, ongeza vitunguu viwili na mashina manne ya selari vilivyolainishwa kwa siagi, kijiko kikubwa cha majani ya seji, mayai mawili tena, na supu ya kuku kama lita moja. Kabla ya kuingia oveni uwe kama uji mzito. Mpishi wa ugali atauona umeharibika na atataka kupunguza supu. Mkate mkavu wa mahindi utainywa yote. Dakika 45, nyuzi 190, na ukitoka unakatika kwa kijiko.

Jumatano barabara ya kwenda kusini-magharibi ilijaa. Tuliingia New Orleans jioni, wakati ndege wameshapakwa chumvi. Gramu 40 hivi kwa ndege wa kilo 6, nyingi kwenye kidari na mapaja, kisha wazi bila kifuniko kwenye friji mpaka kesho. Saa za mwanzo chumvi huvuta maji nje na ngozi hung'aa. Baadaye maji hayo yenye chumvi hurudi ndani ya nyama, na ngozi inakauka kama karatasi. Ikibaki imelowa itatoka oveni rojorojo, ikiachwa ikauke hivi italia kwa ukavu ukiitafuna. Soma lebo kwanza, kwani ndege wengi wa dukani wamedungwa maji ya chumvi kiwandani. Huyo ukimpaka tena haliki.

Alhamisi wa kwanza aliingia oveni nyuzi 163, zaidi ya saa tatu. Saa haiamui kitu. Kinachoamua ni kipimajoto kikichomekwa kwenye paja bila kugusa mfupa: 74. Kile kitufe cha plastiki kinachoruka chenyewe huruka kidari kikiwa kimeshapita. Baada ya kutoka alitulizwa dakika 40, na oveni ikawa huru kwa mabakuli yote.

Wa pili alikaangwa uani. Kipimo cha mafuta hufanywa siku ya nyuma kwa maji: mtie ndege kwenye sufuria, mfunike kwa maji, mtoe, weka alama maji yalipobaki, kausha sufuria vizuri. Mafuta ya karanga hadi alama hiyo, nyuzi 177, na moto wa gesi unazimwa kabisa wakati wa kumshusha, polepole, kwa ndoano. Kila mwaka kuna anayechoma banda la gari lake kwa kumshusha ndege aliyeganda. Maji yakigeuka mvuke ghafla hutanuka zaidi ya mara elfu moja na mia sita, mafuta yanafurika na kukuta moto. Ndege huyu wa kilo 5 na nusu alichukua dakika 40. Ngozi yake ilimshinda mwenzake wa oveni, ila yule wa oveni ndiye aliyetoa mchuzi.

Ijumaa mifupa ilichemshwa saa tatu kwa ajili ya gumbo, mchuzi mzito wa Louisiana. Jina hilo lina ukoo na lugha za Kibantu za Angola, ambako bamia huitwa kingombo. Unga na mafuta, kikombe kwa kikombe, vilikorogwa kwa mwiko kwenye moto mdogo dakika 40 mpaka rangi ya chokoleti. Punje nyeusi zilionekana kwenye jaribio la kwanza, maana yake imeungua, ikamwagwa. Kisha vitunguu, selari, pilipili hoho, supu ya mifupa, soseji ya moshi, nyama iliyobaki. Bamia zilikaangwa pembeni kwanza mpaka mlenda ukatike. Tulikula juu ya wali mweupe, na mwenye nyumba akaujaza mfuko kwa mifupa iliyozidi sufuria, akauandika tarehe na kuurudisha friza, pale walipotoka bata mzinga wake siku ya Jumapili.